Sanduku la barua ndani ya chipu, na namna keneli inavyoambiwa lilipo

Ukiwasha Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, prosesa itakayoendesha Linux siyo ya kwanza kuamka. Inayotangulia ni VideoCore, sehemu ya michoro iliyomo kwenye chipu ile ile ya Broadcom. Hiyo ndiyo inayosoma kadi ya SD, ikapakia fimweya yake (programu ya kuiendesha yenyewe), ikaiweka keneli, kiini cha Linux, kwenye kumbukumbu, kisha ikaziachia prosesa za ARM, ndizo za kuendesha Linux, zianze kazi. Na Linux ikishaanza, VideoCore haiondoki. Inabaki ikisimamia mambo ambayo mara nyingi ARM haiyagusi moja kwa moja: kasi ya saa, umeme wa baadhi ya sehemu za chipu, kipimo cha joto, hata mgawo wa kumbukumbu kati ya pande mbili. Linux ikitaka mengi kati ya hayo, huomba.

Pa kupeleka maombi ni rejista chache (nafasi ndogo za namba ndani ya chipu) zinazoitwa sanduku la barua. Upande mmoja unaandika namba ya biti 32, upande wa pili unapata katizo (ishara ya kuiachisha prosesa ilichokuwa ikifanya), unaisoma namba ile, unashughulika, unajibu. Kazi yenyewe ni nyepesi. Kinachosumbua ni swali la kabla yake: keneli iliyopakiwa sekunde hii inajuaje kwamba sanduku hilo lipo, liko anwani gani, linapiga katizo lipi, na draiva ipi, yaani programu ipi ya kuendesha kifaa, ndiyo yenye haki ya kulitumia?

Mfano wa Raspberry Pi nimeuchagua kwa sababu ni rahisi kuupata na kuuchungulia. Simu yako nayo imejaa masanduku ya namna hii. Chipu ya kisasa huwa na prosesa kubwa za kuendesha programu, na pembeni yake prosesa ndogo ndogo za sauti, modemu, umeme na usalama, kila moja na fimweya yake, na zote zinahitaji kuzungumza.

Kifaa kisichojitaja

Aliyezoea kompyuta za mezani anaweza kushangaa kwamba hili ni tatizo. Chomeka flashi ya USB, itajieleza yenyewe: mtengenezaji namba fulani, bidhaa namba fulani. Kadi za PCI nazo zina eneo maalumu la usanidi, na keneli hupita nafasi moja baada ya nyingine ikiuliza kuna nani. Vifaa vilivyozikwa ndani ya chipu havina ustaarabu huo. Mbunifu alichagua anwani, akaunganisha waya, akamaliza. Ukisoma anwani isiyo na kitu unaweza kupata sifuri, ukapata takataka, au mfumo mzima ukaganda. Kwa hiyo keneli haiwezi kupapasa hadi ipate, lazima iambiwe.

Kwa miaka mingi Linux ya ARM iliambiwa kwa msimbo wa C. Kila bodi ilikuwa na faili lake ndani ya keneli, lenye anwani na namba za makatizo zilizoandikwa kwa mkono. Bodi zikaongezeka, mafaili yakarundikana, na mengi yalikuwa yanarudia yale yale kwa tofauti ya namba mbili tatu. Machi 2011 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alipandisha hasira hadharani kuhusu rundo hilo, na watu wa ARM wakaharakisha kuhamia kwenye mti wa vifaa (device tree). Wazo lenyewe halikuwa jipya. Lilitoka kwenye Open Firmware, iliyotumika kwenye mashine za Sun na kuwekewa kiwango cha IEEE 1275 mwaka 1994, na Linux ya PowerPC ilikuwa imeshalizoea.

Mti wa vifaa ni maandishi yanayoorodhesha kilichomo kwenye bodi, nodi (kifungu cha maelezo ya kifaa kimoja) ndani ya nodi, kila nodi na sifa zake. Programu iitwayo dtc huyageuza maandishi hayo kuwa faili la baiti, ambalo huanza na baiti nne zisizobadilika: d0 0d fe ed. Programu ya kuwashia huliweka faili hilo kwenye kumbukumbu na kuikabidhi keneli anwani yake. Keneli ile ile moja, ikipewa mti tofauti, inaendesha bodi tofauti.

Hili ndilo sanduku la barua la Raspberry Pi ya kwanza, pamoja na mtumiaji wake, jinsi yanavyoandikwa:

```
mailbox: mailbox@7e00b880 {
    compatible = "brcm,bcm2835-mbox";
    reg = <0x7e00b880 0x40>;
    interrupts = <0 1>;
    #mbox-cells = <0>;
};

firmware: firmware {
    compatible = "raspberrypi,bcm2835-firmware", "simple-mfd";
    mboxes = <&mailbox>;
};
```

Mistari ni michache, ila kila mmoja umebeba uamuzi. Sifa ya compatible ndiyo jina ambalo keneli hulilinganisha na draiva zake. Sifa ya reg inataja mwanzo wa rejista na ukubwa wa eneo, baiti 64. Kwenye interrupts namba mbili zinasomwa kwa mujibu wa kidhibiti makatizo cha chipu hii: kundi la 0, mstari wa 1. Kwenye Pi 4 kidhibiti ni cha aina nyingine, na katizo la sanduku hili hili linaelezwa kwa namba tatu. Nodi ya mtumiaji haina anwani kabisa. Inaelekeza kidole tu kwenye sanduku.

Sasa itazame ile 0x7e00b880 (0x huashiria namba ya msingi wa 16). Andika programu ndogo ya kusoma anwani hiyo kutoka ARM ya Pi ya kwanza, hutapata sanduku. Hiyo ni anwani jinsi VideoCore inavyoiona. ARM hulikuta sanduku lile lile kwenye 0x2000b880. Pi 2 na Pi 3 hulikuta kwenye 0x3f00b880, na Pi 4 kwenye 0xfe00b880. Hata hivyo anwani iliyoandikwa kwenye nodi haikubadilika. Kilichobadilika ni mstari mmoja katika nodi mama, sifa iitwayo ranges, inayosema kwamba kinachoanzia 0x7e000000 kwa ndani huonekana kuanzia anwani fulani kwa ARM. Kwenye Pi ya kwanza ni 0x20000000, kwenye Pi 2 ni 0x3f000000. Keneli hufanya hesabu yenyewe. Binafsi naona hapa ndipo mti wa vifaa unapolipa gharama zake zote: vizazi kadhaa vya bodi, anwani ya sanduku kwenye nodi ni ile ile, tofauti imewekwa mahali pake pa haki.

Barua yenyewe haimo sandukuni

Tuseme Linux inataka kujua joto la chipu. Namba moja ya biti 32 haitoshi kubeba swali na kupokea jibu, kwa hiyo swali linaandikwa kwenye kumbukumbu ya kawaida, katika eneo la maneno manane ya biti 32. Neno la kwanza linataja ukubwa wa eneo, baiti 32. La pili ni 0, maana yake hili ni ombi. La tatu ni 0x00030006, namba ya swali la joto. Yanafuata ukubwa wa nafasi ya jibu (baiti 8), kiashiria cha ombi, namba ya kipimo (0), nafasi tupu ya kuandikia jibu, na mwisho kabisa 0 ya kufungia.

Kinachotumbukizwa sandukuni ni anwani ya eneo hilo tu. Anwani lazima igawanyike kwa 16, hivyo biti zake nne za mwisho ni sifuri, na nafasi hiyo hujazwa namba ya chaneli, ambayo kwa maombi ya aina hii ni 8. VideoCore inaifuata anwani, inasoma swali, inaandika jibu pale pale, inageuza lile neno la pili kuwa 0x80000000 kuonyesha imefanikiwa, na inarudisha namba ile ile sandukuni. Joto hukutwa limeandikwa kwa elfu za nyuzi za Selsiasi.

Kuna mtego hapa. Anwani inayotumwa lazima iwe ile inayoeleweka na VideoCore, na pande hizi mbili haziioni kumbukumbu kwa macho mamoja. Kwenye Pi 2, baiti ambayo ARM inaiita 0x00100040, upande wa pili huiita 0xc0100040. Kwa hiyo kinachoandikwa kwenye rejista ni 0xc0100048, nane ya mwisho ikiwa ndiyo chaneli. Tofauti hiyo nayo imeandikwa kwenye mti, katika sifa ya dma-ranges ya nodi mama. Ukiisahau, VideoCore itaenda kusoma mahali pengine kabisa, na wewe utabaki ukingoja jibu la swali ambalo halikumfikia mtu.

Vifaa vingi vya mawasiliano ya prosesa viko hivi, na vingine havibebi chochote kabisa. Chipu ya STM32MP1 ya STMicroelectronics ina prosesa za Cortex-A7 za kuendesha Linux na Cortex-M4 ya kazi za papo kwa papo. Kati yake kuna kifaa chenye chaneli sita, na kila chaneli haina hata rejista ya data. Ina alama ya kuonyesha imeshikwa au iko wazi, pamoja na makatizo, basi. Ni kubisha hodi tu: aliye ndani anajua kuna mgeni mlangoni, hajui kaleta nini. Mzigo unawekwa kwenye kumbukumbu ya pamoja.

Kumbe basi, kumweleza Linux habari za sanduku peke yake ni nusu ya maelezo. Nusu ya pili ni kumwambia ni kipande gani cha kumbukumbu kimetengwa, na asikiguse kwa matumizi mengine. Hiyo ndiyo kazi ya nodi ya reserved-memory. Ikiongezewa sifa ya no-map, keneli haikijumuishi kipande hicho hata kwenye ramani yake ya kawaida ya kumbukumbu. Ukikosea hapa, dalili zake zinakera kuliko za anwani mbovu ya sanduku, maana mfumo utawaka vizuri, utafanya kazi, halafu siku kumbukumbu inapobana, keneli itaigawa sehemu ile kwa programu nyingine na barua za prosesa mbili zitaanza kuchafuka.

Kwenye STM32MP1 hiyo hiyo kuna kumbukumbu ndogo ya kilobaiti 64 ambayo Cortex-A7 huiona kwenye 0x38000000. Cortex-M4 huiona kwenye 0x00000000, kwa sababu ndiko inakotafuta maelekezo yake ya mwanzo. Linux ndiyo inayoinakilia M4 programu yake, kwa hiyo mti wa vifaa lazima ufunge ndoa ya anwani hizo mbili. Nodi ya M4 nayo hutaja chaneli zake kwa namba na kwa majina: vq0 na vq1 kwa foleni mbili za ujumbe, na shutdown kwa kuiarifu M4 kwamba inazimwa.

Vyumba vingapi

Sifa yenye sura ya ajabu, #mbox-cells (cells ni vyumba), inajibu swali dogo: mtumiaji anapolielekezea sanduku kidole, aongeze namba ngapi za kufafanua anataka nini? Kwenye Pi ni 0. Ukitaja sanduku umemaliza. Kwenye STM32MP1 ni 1. Unataja kifaa na namba ya chaneli. Msomaji wa mti asingejua idadi hiyo, asingeweza kutofautisha orodha ya masanduku matatu na sanduku moja lenye namba mbili za ufafanuzi, kwa sababu kwenye faili zote ni namba za biti 32 zilizopangwa mstari mmoja.

Ile 0 ya Pi huwatatiza wengi. Karibu kila mafunzo ya kuandika mfumo endeshi wa Pi kuanzia chini husema sanduku lina chaneli 16. Mbona basi mti unasema hakuna cha kuchagua? Jibu ni kwamba maunzi hayajui chaneli. Yanabeba biti 32 kama zilivyo. Kuzigawa 28 kwa 4 ni makubaliano ya fimweya ya VideoCore na anayezungumza nayo, na ndiyo maana ile 8 utaikuta kwenye draiva ya fimweya ndani ya keneli, haimo kwenye mti. Wapo watakaosema ingefaa kuandikwa kwenye mti ili draiva iwe ya jumla zaidi. Mimi nasimama na waliouandika: mti unaeleza waya, na kilichokubaliwa kupita juu ya waya ni suala la hao wanaozungumza.

Mstari huo kati ya waya na makubaliano unasomeka vizuri kwenye Pi. Twende kwenye BeagleBone Black uone unavyopinda.

BeagleBone Black hutumia chipu ya AM335x ya Texas Instruments. Prosesa kubwa ni Cortex-A8, na pembeni kuna Cortex-M3 ndogo ambayo kazi yake ni kubaki macho wakati A8 imelala, kisha kuiamsha. Kifaa cha sanduku la barua cha chipu hii kina foleni nane na watumiaji wanne wa kimaunzi, yaani laini nne za katizo zinazokwenda kwa prosesa mbalimbali. Nodi yake ndogo ya M3 inaandikwa hivi:

```
mbox_wkupm3: mbox-wkup-m3 {
    ti,mbox-send-noirq;
    ti,mbox-tx = <0 0 0>;
    ti,mbox-rx = <0 0 3>;
};
```

Namba tatu ni foleni, katizo, na mtumiaji. Kutuma: foleni ya 0, mtumiaji wa 0, ambaye ni A8 yenyewe. Kupokea: foleni ya 0 tena, mtumiaji wa 3. Subiri kidogo. Foleni ya kutuma ndiyo hiyo hiyo ya kupokea? Na mtumiaji wa 3 si M3? Mbona Linux, inayokaa kwenye A8, inapokea kwa jina la M3?

Siyo kosa la uandishi. M3 hupata katizo kutoka kwenye sanduku, lakini haina njia ya kuzifikia rejista za sanduku. Inasikia inaitwa, haiwezi kufungua. Katizo likishapigwa halitazimika mpaka mtu aisome barua na kuifuta alama yake, na M3 haiwezi. Kwa hiyo A8 huandika barua, M3 huamshwa na katizo, kisha A8 yenyewe, ikijifanya M3, huitoa barua ile ile kwenye foleni na kuizima alama ya mtumiaji wa 3. Sifa ya ti,mbox-send-noirq inaiarifu draiva kwamba chaneli hii ni ya mtindo huo wa ajabu. Ujumbe halisi, yaani ulale usingizi wa aina gani na uamshwe na nini, hupitia rejista nyingine nane zilizoko sehemu ya udhibiti ya chipu, na hizo zina nodi yake tofauti.

Kwa hiyo mti wa BeagleBone umelazimika kueleza udhaifu wa prosesa ambayo Linux haiendeshi. Je, hiyo ni habari ya maunzi? Ndiyo, kwa sababu waya wa M3 kwenda kwenye rejista haupo, na fimweya yoyote utakayoiandika haitauleta. Lakini umbo lililotumika kuielezea, yaani kutuma na kupokea kwa foleni moja, ni maelekezo ya namna draiva ifanye. Mstari umepinda, ingawa haujakatika.

Ulipokaribia kukatika ni kwenye kifaa cha kampuni ya Arm kiitwacho MHU, nacho ni sanduku la barua. Kila chaneli yake ina rejista ya biti 32 yenye milango mitatu: ya kuwasha biti, ya kuzima biti, na ya kutazama hali. Biti yoyote ikiwaka, katizo linapigwa upande wa pili. Unaweza kuitumia kwa njia mbili. Ya kwanza, rejista nzima ni ujumbe mmoja wa biti 32. Ya pili, kila biti ni kengele yake, na watumiaji 32 wanagawana rejista moja bila kujuana. Maunzi ni yale yale, hakuna swichi ya kuchagua. Kinachoamua ni fimweya ya upande wa pili imeandikwa kuitafsiri rejista vipi.

Kwa kanuni ya kwamba mti unaeleza maunzi tu, kifaa kimoja kilistahili maelezo mamoja. Baada ya mabishano marefu kati ya watunza draiva na watu wa Arm, leo kina mawili: arm,mhu yenye namba moja ya ufafanuzi, na arm,mhu-doorbell yenye mbili, chaneli na biti. Wanaoshika kanuni hawakufurahi. Sioni njia nyingine iliyokuwa safi zaidi. Fimweya hiyo haibadilishwi na Linux, huja na bodi, na kwa macho ya keneli ni sehemu ya mazingira iliyoyakuta. Kisichoweza kuulizwa wala kubadilishwa kina haki ya kuandikwa.

Kinachobaki kwa draiva

Mwaka 2014, Linux 3.18 ilipata mfumo wa pamoja wa masanduku ya barua, ulioandikwa na Jassi Brar, ili kila kampuni isijitungie njia yake. Draiva ya kifaa hujiandikisha na chaneli zake, na draiva ya mtumiaji huomba chaneli kwa nafasi au kwa jina lililoko kwenye mti. Chaneli moja hushikwa na mtumiaji mmoja. Wa pili akiomba anaambiwa imeshikwa.

Jambo moja ambalo mfumo huu unalazimika kulijua, na ambalo mti hausemi, ni namna ya kutambua kwamba barua iliyotumwa imechukuliwa. Baadhi ya vifaa hupiga katizo la kuthibitisha. Vingine inabidi kutazamwa mara kwa mara. Vingine havionyeshi lolote, na ni mtumiaji tu anayejua, pale jibu linapomfikia. Draiva ya Pi hutazama biti ya kujaa kwenye rejista ya hali ya upande wa kutuma. Hayo hayaandikwi kwa sababu jina la compatible limeshayabeba: anayejua ni kifaa gani, anajua kina tabia gani. Wanaoanza kuandika mti huwa na hamu ya kuongeza sifa kwa kila kitu wanachokijua. Wakaguzi wa keneli huziondoa nyingi, na wako sahihi, maana sifa ikishakubaliwa haifutiki kirahisi. Bodi iliyoko mikononi mwa mtu na mti wa miaka iliyopita inatarajiwa iendelee kuwaka na keneli mpya.

Kuna pia suala la nani aanze. Draiva ya fimweya ya Pi haiwezi kufanya kazi kabla ya draiva ya sanduku. Ikitangulia, huambiwa ijaribu baadaye, na kwenye ujumbe wa matukio unaoandikwa na keneli utaona kosa la -517, ambalo mara nyingi halina ubaya wowote. Siku hizi keneli inazisoma sifa kama mboxes mapema na kupanga nani amngoje nani, hivyo kusukumana huko kumepungua. Kosa hilo likijirudia bila kuisha, tazama kama draiva ya sanduku imejumuishwa kwenye keneli yako, au kama nodi yake imeachwa na status ya disabled.

Makosa ya maelezo yana sura zake. Anwani mbovu huonekana mara moja, mara nyingi kwa mfumo kuganda wakati wa kuwaka. Namba mbovu ya katizo ni mwerevu zaidi. Barua inatoka, upande wa pili unajibu, jibu linakaa sandukuni, na hakuna anayeamshwa kulichukua. Kwenye Pi draiva ya fimweya husubiri sekunde moja kisha huandika onyo la "Firmware transaction ... timeout", ujumbe unaokufanya uilaumu VideoCore isiyo na kosa. Kabla ya kuilaumu, soma /proc/interrupts, orodha ya makatizo na hesabu zake. Kama hesabu ya mstari wa sanduku haipandi wakati maombi yanatumwa, tatizo liko upande wako.

Na kwa sababu keneli huuweka wazi mti ilioupokea, huhitaji kubahatisha. Kwenye Pi ya kwanza hadi Pi 4, nenda /proc/device-tree/soc/mailbox@7e00b880 na ulitazame faili la reg kwa xxd, programu ya kuonyesha baiti. Utakuta baiti nane, 7e 00 b8 80 00 00 00 40, kubwa ikitangulia, jinsi mti unavyohifadhi namba zake zote bila kujali prosesa inazipangaje. Panda ngazi moja usome ranges, fanya hesabu kwa mkono, kisha linganisha na anwani iliyoorodheshwa kwenye /proc/iomem, ukiwa na ruhusa za msimamizi wa mfumo. Bila ruhusa hizo utaonyeshwa sifuri tupu. Zikipishana, rudia hesabu yako, maana keneli imeitumia ranges hiyo hiyo.